Uzi wa ndoo za chakula cha farasi: kuosha, kukagua, na wakati wa kuzistaafisha

Saisi Mzee (mwanzisha uzi):

Salaam, wanajamvi.

Nimekuwa saisi kwa miaka 19 katika mabanda ya upande wa Karen na Lang'ata, Nairobi, na kwa miaka 6 ya mwisho nimekabidhiwa usimamizi wa banda lenye farasi 23. Nimesoma humu nyuzi nyingi kuhusu kwato, minyoo na matandiko, lakini sijaona hata mmoja unaozungumzia chombo ambacho farasi hutia mdomo ndani yake mara mbili au tatu kila siku, yaani ndoo ya chakula. Ninaufungua uzi huu kwa sababu ya aibu iliyonipata mwezi uliopita, na nitaieleza kama ilivyokuwa bila kujitetea.

Tuna farasi jike wa rangi ya kahawia, mlaji mzuri, ambaye ghafla alianza kutia pua ndooni, kupuliza pumzi kwa nguvu, kisha kugeuka akautazama ukuta. Siku ya kwanza tulisema ni joto. Siku ya pili nilimpima nikakuta nyuzi 37.9, kwa hiyo hakuwa na homa, na nilipotega sikio ubavuni pande zote mbili tumbo lilikuwa likinguruma kama kawaida. Siku ya tatu tulimwita daktari wa mifugo tukidhani ni meno. Alimfungua kinywa, akapitisha mkono magegoni, hakuona kasoro yoyote. Alipokuwa akifunga mkoba wake, kijana anayejifunza kazi alimmwagia farasi yule chakula kilekile kwenye karai la kuoshea miguu, kwa sababu tu karai ndilo lililokuwa karibu, na farasi akala mpaka akalamba kitako cha karai. Daktari alinitazama, nami nikatazama chini.

Niliichukua ile ndoo nikaiosha mwenyewe. Kwa macho ilikuwa safi. Ilikuwa ndoo nyeusi ya plastiki ya lita 15, yenye ukingo mnene uliokunjwa kwa nje. Nilipoubana ukingo huo kwa vidole gumba, karibu na pale utambo unapoingia, maji meusi yalichuruzika kupitia ufa mwembamba kama unywele, na harufu yake ilikuwa ya togwa iliyosahaulika. Nikaikata kwa msumeno. Ukingo ule una uwazi ndani yake kama mrija, na mrija wote ulikuwa umejaa pumba, molasi na maji ya kuoshea vilivyogeuka uji mweusi wenye ukungu wa kijani. Ndoo hiyo ilioshwa kila siku bila kukosa, na kila ilipooshwa tuliutilia ule uji maji mapya.

Tangu siku hiyo nimebadili swali. Zamani nilipoishika ndoo nilijiuliza kama ingali inashika chakula. Sasa ninajiuliza kama ingali inaoshika. Ndoo isiyoweza kuoshwa ikatakata imekwisha kazi, hata kama haivuji tone, na ndoo ya miaka minane ambayo ndani yake bado ni laini haina sababu ya kutupwa kwa ajili ya umri wake.

Kipimo changu ni ukucha. Ndoo ikiwa kavu, napitisha ukucha wa kidole gumba ndani yake, kuanzia ukingoni hadi kitakoni, nikizunguka polepole, hasa pale ukuta unapokutana na kitako, kwa kuwa ndipo farasi hukwangua kwa meno akitafuta punje za mwisho. Mkwaruzo ambao ukucha unaupita juu juu tu unavumilika. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa ndani yake ni mfereji, na dodoki halifiki chini ya mfereji. Baada ya ukucha, natumia pua: natia maji ya moto kiasi cha kujaza robo ya ndoo, nafunika kwa ubao kwa dakika 10, nafunua na kunusa papo hapo. Plastiki iliyonyonya uchachu huutoa ikipata joto. Kama mimi mvuta sigara wa zamani nausikia uchachu huo, basi farasi aliusikia kabla sijafika mlangoni.

Kuhusu kuosha kwenyewe, nitakueleza tunavyofanya sasa, na asiyeafiki anisahihishe. Ndoo inatolewa bandani mara farasi anapomaliza, wala haisubiri jioni, kwa sababu molasi na pumba zikikaukiana zinashika kama gundi, na mtu akija na haraka yake atachukua stilwaya. Stilwaya nimeipiga marufuku, na mchanga pia, kwa kuwa vyote viwili ndivyo vinavyochimba ile mifereji niliyoitaja. Ukivitumia, unasafisha leo huku ukiandaa uchafu wa kesho. Tunatumia maji ya vuguvugu, dodoki au brashi ya nyuzi laini, na sabuni ya mche kidogo mara moja kwa wiki, kisha tunasuuza mara mbili, kwani farasi anayechagua chakula hawezi kusamehe harufu ya sabuni. Baada ya hapo ndoo inaanikwa juani juu ya kichanja kama vile mama zetu wanavyoanika vyombo, ikiwa imepinduliwa kifudifudi lakini upande mmoja umeinuliwa ili hewa ipite. Kosa letu kubwa la miaka yote lilikuwa kupachika ndoo mbichi moja ndani ya nyingine. Mnara wa ndoo saba zilizopachikana hivyo unapendeza kwa mgeni anayepita, lakini ile ya tatu kutoka chini haikauki hata wiki nzima.

Dawa ya klorini, ambayo wengi wetu tunaiita jiki, siitumii kila siku. Naitumia mgonjwa akitokea au ndoo ikihama kutoka farasi mmoja kwenda kwa mwingine, na hapo nachanganya kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 9 vya maji, nikiacha kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba klorini huishia kwenye uchafu: ukiimwaga kwenye ndoo yenye mabaki ya pumba, nguvu yake yote inamalizwa na pumba na haibaki ya kuua vijidudu. Inasuguliwa kwanza, dawa baadaye. Wala isichanganywe kamwe na siki, limau au dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na chumba cha kuoshea vyombo cha banda kwa kawaida ni kidogo na dirisha lake limezibwa kwa gunia.

Sijasema chochote kuhusu ndoo zilizopasuka, maana hizo hata kipofu anazijua, ingawa utashangaa ni ngapi zingali zikitumika. Ukingo uliovunjika unachana midomo. Utambo wa waya uliochomoka tunduni unasimama kama ndoana, kimo cha jicho la farasi aliyeinamisha kichwa. Kwetu tambo zote zimeondolewa kwenye ndoo zinazobaki chini wakati farasi anakula, kwa kuwa farasi mwenye pupa hupiga mguu, na kwato ikishaingia kati ya utambo na ndoo, atakimbia nayo huku ikimpigapiga, na hapo banda zima litaamka.

Nawaomba wenye mabanda, wenye punda na hata wenye ng'ombe mseme mnafanyaje, hasa kuhusu chombo kipi kinadumu.

Mfugaji wa Usa River:

Shikamoo, mzee wangu. Nimesoma maelezo yako mpaka mwisho nikaenda moja kwa moja kuzibana kingo za ndoo zangu, na mbili kati ya tano zimetoa maji.

Mimi niko Arusha, nina ng'ombe wa maziwa tisa, kuku wa nyama, na farasi wawili tulioachiwa na mwenye shamba jirani alipohama. Swali langu ni la mtu asiye na uzoefu. Ndoo zetu ni za wote: asubuhi zinabeba chakula cha kuku, mchana mashudu ya ng'ombe, jioni pumba za farasi. Ninazikung'uta vizuri kila mara. Je, kuna ubaya wowote zaidi ya ule wa harufu?

Saisi Mzee:

Marahaba, ndugu yangu. Upo ubaya, tena ni mkubwa kuliko wote niliouandika hapo juu, na nakuomba usisubiri kesho.

Vyakula vingi vya kuku wa nyama, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe, hutiwa monensini au dawa za jamii yake. Kwa kuku ni kinga dhidi ya koksidiosisi, yaani ugonjwa wa kuhara unaoletwa na vimelea vya utumbo, na kwa ng'ombe husaidia usagaji wa chakula. Kwa farasi ni sumu ya misuli ya moyo. Miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuua nusu ya farasi wanaoimeza, ilhali kuku huvumilia dozi iliyo mara nyingi zaidi ya hiyo, na hakuna dawa ya kuitengua. Farasi anayenusurika huenda akabaki na moyo dhaifu, akaanguka siku moja akiwa na mpandaji mgongoni.

Siwezi kukuambia kwamba vumbi lililobaki kwenye ndoo iliyokung'utwa litamuua farasi, maana kiasi ni kidogo. Hata hivyo, aliyezoea ndoo moja kwa wote ndiye huyohuyo anayekosea kopo la kupimia, au anayemimina chakula cha kuku kilichobaki kwenye ndoo ya farasi ili kisipotee. Nunua ndoo za rangi moja kwa ajili ya farasi peke yao, na kopo lao la kupimia, uvitundike mahali pengine kabisa. Soma pia kibandiko cha kila gunia.

Daktari wa Mifugo (mstaafu):

Nampongeza mwanzisha uzi, na ninaongeza mambo mawili tu, maana mengine ameyasema vizuri kuliko ningeyasema mimi.

La kwanza ni kwa nini farasi tunamwogopea kiasi hiki. Farasi hatapiki. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 hivi, na mlango wa juu wa tumbo hilo hufunguka kwa kuingiza tu. Kilichomezwa hakina njia isipokuwa ile ndefu ya kupitia utumbo wote, kwa hiyo uchafu ambao mbwa angeutapika uani na kusahau, kwa farasi unaweza kuwa msokoto wa tumbo wa usiku kucha. Ukungu ninaouhofia zaidi ni wa mahindi. Kuvu ya Fusarium hutoa sumu iitwayo fumonisini, na katika mifugo yote farasi na punda ndio wanaoumizwa nayo vibaya zaidi, kwa sababu huozesha sehemu nyeupe ya ubongo. Mnyama anazubaa, anasukuma kichwa ukutani, anapofuka, anakufa. Wakenya tunakumbuka mwaka 2004, ambapo mahindi yenye sumu nyingine ya kuvu, aflatoksini, yaliua watu 125 upande wa mashariki ya nchi, basi msishangae nikisema kwamba mahindi yaliyokataliwa jikoni hayafai kupelekwa bandani. Ndoo safi haitaokoa chochote ikiwa ghala limeoza.

La pili ni kuhusu ugonjwa wa koo unaoletwa na bakteria Streptococcus equi, ule unaovimbisha tezi za chini ya taya mpaka zinapasuka usaha. Huo ndio ugonjwa wa ndoo hasa. Hupita kwa makamasi yaliyobaki kwenye ndoo za chakula na za maji, na farasi aliyepona anaweza kuendelea kubeba bakteria hao kwenye vifuko vya hewa vilivyo nyuma ya koo kwa miezi kadhaa, wengine kwa miaka, akiwa hana dalili yoyote. Kwa hiyo ndoo ya kila farasi iwe na jina au namba yake, na farasi mgeni awe na ndoo zake kwa wiki tatu za kwanza, na ziwe za mwisho kuoshwa.

Naona mara nyingi watu wakiulaumu uchafu wa ndoo kwa tauni ya farasi ya Afrika. Hapana. Ule huenezwa na usubi, hauambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja. Lakini usubi huzaana kwenye udongo mbichi uliochanganyika na samadi, na mahali panapopatikana udongo wa namna hiyo bila kukosa ni pale mnapomwaga maji ya kuoshea ndoo. Wekeni mfereji, au hamisheni mahali pa kuoshea mbali na mabanda.

Mpanda Mbio:

Mzee, hukugusia dawa, na kwetu sisi wa farasi wa mbio huo ndio moto wenyewe. Farasi akipewa fenilibutazoni ya maumivu iliyochanganywa na molasi, ule unga unabaki umeganda kwenye mikwaruzo ya ndoo. Wiki ijayo ndoo inakwenda kwa farasi mwingine anayekimbia Jumapili pale Ngong, anapimwa mkojo, na mwenye farasi anaitwa kujieleza kuhusu dawa ambayo hakuwahi kuinunua. Sisi tuna ndoo mbili nyekundu za dawa, hazitumiki kwa kazi nyingine, na zinabadilishwa mara ukucha wako unaponasa.

Niongeze kitu ambacho kitawachekesha wengine: chai. Saisi anamaliza chai yake, anamimina makombo kwenye ndoo iliyo karibu, basi. Kafeini imo katika orodha za dawa zinazodhibitiwa katika mashindano ya farasi, na vipimo vya siku hizi vinaona chembe ndogo mno. Chokoleti nayo ina teobromini. Kikombe kina mahali pake, na mahali hapo ni mbali na ndoo.

Saisi Mzee:

Nimekubali, na nimeona haya kidogo, maana kikombe changu mwenyewe kimewahi kupumzika juu ya ukingo wa ndoo.

Mwana wa Amu:

Assalaam aleikum. Mimi natoka Lamu na sina farasi, nina punda wanne wa kubeba mawe na mchanga, lakini naona ndoo haimtambui mwenye masikio mafupi na mwenye masikio marefu. Sisi plastiki hatuitaki sana. Tumeona punda wengi wakipelekwa kwenye kliniki yao, ile iliyoanzishwa mwaka 1987, wakiwa na matumbo yaliyozibwa na mifuko na vipande vya plastiki walivyookota jaani, na ndoo kuukuu ikianza kumeguka, kipande chake ni kilekile kilichoko jaani, isipokuwa umempelekea mwenyewe hadi mdomoni.

Tulitumia madebe na makarai ya bati. Hewa ya chumvi inayala kuanzia kwenye mshono wa chini, na kutu ikishaanza hakuna dodoki litakaloiondoa. Ukingo unakuwa kama msumeno. Sasa tunakata matairi. Tairi likilazwa na kukatwa ubavu mmoja linakuwa hori zuri, punda hawezi kulipindua, wala hakuna utambo wa kumnasa. Tatizo ni waya. Mwaka juzi punda wangu mmoja alitokwa damu ulimini, nikaona nyaya nyembamba kama sindano zimechomoza pale tulipokata. Je, kuna tairi lisilo na waya?

Fundi Akala:

Ndugu wa Amu, wa aleikum salaam. Mimi kazi yangu ni viatu vya akala na kamba za tairi, hivyo swali lako liko kwenye meza yangu.

Kuna matairi ya nyuzi za chuma na kuna matairi ya nyuzi za nailoni. Magari madogo ya siku hizi karibu yote hutumia yale ya chuma, na hayo usiyakate kwa ajili ya mnyama, kwani ukiyakata unafungua maelfu ya ncha ambazo hutaziona. Ya nailoni yanapatikana zaidi kwenye matrekta ya zamani, matrela na mikokoteni. Njia ya kuyatofautisha ni sumaku: chukua sumaku ya spika iliyokufa, ipitishe juu ya sehemu inayokanyaga barabara. Ikivutwa, hilo ni la chuma, liache.

Hata tairi la nailoni lina pete ya waya mnene kwenye ukingo wake wa ndani, pale linapokaa kwenye rimu. Pete hiyo ikatwe yote, vidole vitatu kutoka ukingoni, kwa kisu kilichochovywa katika maji ya sabuni, na usiiguse kwa msumeno. Ukimaliza, geuza hori nje ndani ikiwa mpira unakubali, ili ule upande laini wa ndani ndio upokee chakula na mikunjo ya nje isishike unga. Lisugue kwa maji ya moto na sabuni mara tatu nne kabla ya kulitumia, kwa sababu tairi limekunywa mafuta ya barabarani maisha yake yote.

Mzalia wa Barka:

Nawasalimu kutoka Oman, ambako wazee wangu walirudi kutoka Unguja na Kiswahili chao. Hapa nina farasi wa Kiarabu watatu, na nina neno la kupinga kuhusu jua la mwanzisha uzi.

Jua linaua vijidudu, sawa, lakini linakula plastiki pia. Hapa majira ya joto hupita nyuzi 45, na ndoo niliyoiacha juu ya ukuta mwezi Juni niliishika mwezi Agosti ikabaki mkononi mwangu kama gamba la yai. Kabla ya kuvunjika inatoa dalili: rangi inafifia, uso unakuwa kama umepakwa unga mweupe, na ukiupitishia kidole kinatoka na ule unga. Unga huo ni plastiki yenyewe ikimomonyoka, na farasi ataulamba. Sisi tunaanika kwa muda wa kunywa kahawa, kisha tunahamishia kivulini penye upepo. Kuhusu chakula, shayiri iliyolowekwa haikai ndooni zaidi ya saa mbili kwetu. Kilichobaki kinatupwa, ndoo inaoshwa hapohapo, na kokwe za tende zinaokotwa moja moja, kwa sababu hujibana kitakoni na nzi hawazikosi.

Saisi Mzee:

Nakushukuru, na nitarekebisha. Nairobi jua letu ni la upole, lakini tuko juu sana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na miale yake inachoma plastiki hata ikiwa wewe umevaa sweta. Ule unga mweupe nimeuona mara nyingi nikadhani ni chokaa ya maji ya kisima. Kuanzia leo ni saa moja juani, kisha kivulini.

Mwenye Farasi:

Naomba mniwie radhi, lakini mimi ni upande ule unaolipa. Nikisoma uzi huu naona kila siku ndoo mpya. Farasi hula chini, kwenye nyasi na udongo, wala hakuna anayemwoshea malisho. Mimi kwangu ndoo ikipasuka tunampelekea fundi wa mtaani anayeshona mabeseni, anatoboa vitundu pande mbili za ufa, anapitisha waya, anayeyusha plastiki juu yake, na inaendelea mwaka mwingine. Je, nimekosea?

Saisi Mzee:

Hujakosea kwa beseni la kufulia. Kwa ndoo ya farasi, yule fundi amechukua ufa mmoja akaugeuza mshono wenye vitundu ishirini, waya ndani yake, na matuta ya plastiki juu, na kila tuta lina nyuma yake. Pitisha ukucha hapo uniambie.

Kuhusu malisho, ni kweli farasi hula chini, na ndiyo sababu napendelea ndoo fupi pana iliyokaa sakafuni kuliko hori lililopigiliwa kifuani pake, kwa kuwa akiinamisha kichwa pua zinajimwaga zenyewe. Lakini malishoni anang'oa jani hapa, anasogea hatua mbili, anang'oa lingine, na mvua na jua vinafanya kazi nyuma yake. Hakuna mahali malishoni ambapo molasi humwagwa juu ya molasi ya jana kwa miaka mitatu, pamezungushiwa ukuta.

Na kuhusu fedha, bwana mkubwa, ndoo mpya ya kila siku hakuna aliyeiomba. Jana nilikagua vyombo vyote vya banda letu. Ndoo zilikuwa 31, na zilizoshindwa ukucha, pua au ukingo ni 9. Mwajiri wangu naye hakufurahi, mpaka nilipompa kipande cha ule ukingo uliokatwa, nikakiweka juu ya meza yake bila kusema kitu. Alikinusa mwenyewe, akasaini.

Zile 9 hazitupwi. Nne zinabeba samadi, mbili zinalowekea kwato, tatu nimezipandia sukuma wiki nyuma ya banda. Ila kabla hazijatoka nimetoboa kila moja tundu la ukubwa wa shilingi kitakoni, kwa msumari wa moto, hata zile za samadi. Kama hukutoboa, baada ya wiki mbili utaikuta ndoo ileile imerudi kwenye msururu wa chakula, imeoshwa vizuri kabisa na kijana mwaminifu ambaye hakuambiwa, na hujui ilibeba samadi gani jana.

Fundi Akala, nimekutumia ujumbe wa faragha. Nahitaji mahori sita ya nailoni kwa wale wapiga mguu, kina kisizidi shubiri moja na nusu, na tafadhali yapitishie sumaku mbele yangu.

Fundi Akala:

Nimeupata, mzee. Matairi ya trela ninayo manne, mawili nitayapata Jumamosi. Njoo na sumaku yako mwenyewe.